Sauti ya Mama Ndani ya Eda

Laini ile ilisajiliwa kwa kidole cha baba mdogo, na mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Baba alikuwa amefariki, mama amekaa eda nyumbani kwetu Magomeni. Miezi minne na siku kumi hatoki, hajipambi, hachanganyiki na wanaume wa nje. Hilo halikuwa na mjadala, na mama mwenyewe alilikaa kwa moyo wake wote. Tatizo lilikuwa fremu yake, duka dogo la kanga Kariakoo. Aliianzisha mwenyewe kabla sijazaliwa, na ndiyo iliyonisomesha mpaka mwaka wa mwisho wa chuo. Siku ya kuanua tanga, baba mdogo, yaani mdogo wake baba, akasema, "Shemeji, nipe funguo nikushikie mpaka utoke." Mama akatoa. Ungefanyaje? Mtu juzi tu kakubebea jeneza la mumeo.

Haukupita muda wateja wa mama wakaanza kupiga simu nyumbani kulalamika. Mara fremu imefungwa mapema, mara mzigo mpya hakuna, mara yule bwana ana majibu ya hovyo. Kilichoninyima raha kilikuwa kimoja tu: mama atoke eda akute hana pa kurudi.

Mimi nilikuwa nasoma kompyuta, na chuo kilimtaka kila mmoja atengeneze kitu ndipo amalize. Wenzangu walitengeneza mifumo ya kusimamia hospitali, wao wenyewe hata sindano wanaikimbia. Mimi nikatengeneza programu ya simu ya kumjibu mteja wa kanga. Mteja anatuma picha ya doti anayoitaka, programu inatafuta, kisha inamjibu kwa sauti ya mama iliyorekodiwa. Kanga zenyewe zilikuwepo, mzigo mzima alioununua kabla ya msiba, umefungwa chumbani.

Ikabaki laini mpya ya simu ya kuiendeshea. Laini haisajiliwi bila alama ya kidole. Mama hawezi kutoka kwenda kwa wakala, kitambulisho changu cha taifa kilikuwa bado hakijatoka, na kaka sina. Nikamwomba baba mdogo. Alikuja mbio, akabonyeza kidole, akanisifu: "Huyu ndiye msomi wetu!" Nami nikachekelea.

Kabla ya kurekodi nilimuuliza mwalimu wangu wa madrasa, mama mtu mzima aliyenifundisha tangu juzuu ya kwanza. Akaniambia mjane hakukatazwa kusema jambo la haja, ili mradi aseme kwa heshima, na rekodi ndiyo kabisa haina shida. Nilitaka kuwa na uhakika. Dini hii ni yangu pia, sikuiazima kwa mtu.

Tulirekodi baada ya alasiri, dirisha tumelifunga kwa sababu ya kelele za mtaani. Mama alianza kwa kusitasita kama mtoto anayesomeshwa mbele za watu. "Karibu mwanangu. Hiyo imekwisha, lakini nina hii, rangi haichuji." Kwenye sentensi ya doti nyekundu akasema, "Ukiivaa hii, wifi yako hatolala," akaangua kicheko. Tangu baba afe sikuwa nimemsikia akicheka. Nilimwambia turudie, akakataa katakata. Basi kicheko nikakiacha humo humo.

Ilifanya kazi, wallahi ilifanya kazi! Wateja walirudi, na wapya wakaja, wanawake kwa wanaume. Mama alikaa kitandani na tasbihi yake, mimi nafunga mizigo, na usoni alianza kurudi mtu ninayemjua.

Kisha baba mdogo akaja na wazee wawili wa msikitini. Nikawaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba bila kunitazama. Walikaa barazani, mama akakaa ndani nyuma ya pazia. Baba mdogo ndiye aliyesema. Eti amekutana na mwanamume ana sauti ya shemeji yake kwenye simu, tena anacheka, na kaka yake hata kaburi halijakauka.

"Baba mdogo, zile ni rekodi," nikasema. "Mama haongei na mtu. Nimeshauliza mpaka kwa mwalimu wangu."

"Sauti ni sauti. Na wewe chuo kimekuharibu, unabishana na wazee."

"Laini umesajili wewe!"

"Ndiyo maana nimekuja kuichukua. Simu nitaizima, niiweke amana. Na mzigo upelekwe dukani, huko ndiko kwenye biashara."

Nikafungua mdomo. Nyuma ya pazia mama akasema, taratibu, "Mpe, mwanangu. Usinitie kwenye midomo ya watu." Nikampa. Mmoja wa wale wazee akasoma dua, nasi tukaitikia amina.

Nilipomsihi mama turekodi upya kwenye simu nyingine, aligeukia ukutani. Programu na rekodi zote zilikuwa kwenye ile simu, nikamfuata baba mdogo aniazime siku ya kuonyesha kazi yangu chuoni tu, akaniambia amana haiazimwi. Nikasimama mbele ya wahadhiri na picha za karatasi. Mmoja akaniuliza kama kitu hicho kimewahi kufanya kazi kweli, na mwingine, kwa upole wa kukera, akanishauri nisiache mambo ya dini yanirudishe nyuma. Nilipita kwa kuburuzika. Nyumbani naambiwa chuo kimeniharibu, chuoni naambiwa dini inanikwamisha, na aliyenikwamisha kweli yuko kwake anakunywa kahawa.

Eda ikaisha. Mama alioga, akajifukiza udi, akavaa baibui jipya, tukaenda Kariakoo. Fremuni tulimkuta mke wa baba mdogo amekaa kwenye kiti cha mama. Kanga zilizotoka chumbani kwetu zimepangwa mpaka juu. "Karibu, dada," akasema. "Mbona hukutuambia kama unakuja?"

Juu ya meza ilikuwepo simu ile ya amana. Haikuwa imezimwa. Ilikuwa inamjibu mteja: karibu mwanangu, rangi haichuji, na kicheko cha mama kikatoka pale mezani.

Dada mmoja aliyekuwa akichagua doti akamuuliza mke wa baba mdogo, "Kumbe wewe ndiye yule mama wa kwenye simu?"

"Ndiye mimi," akajibu, bila haya, huku mama amesimama pale pale.

Nilitaka kuivunjilia mbali ile simu. Mama akanishika mkono, akanivuta mpaka barabarani. Tulitembea kuelekea Mnazi Mmoja, mimi nalia kwa hasira, namtajia baba mdogo kila jina baya ninalolijua. Mama hakunikataza. Tulipofika uwanjani akasimama.

"Yule mama wa kwenye simu," akasema, "umemsikia anavyocheka?"