Sauti ya Alfa ya Papa Evode

Kila siku ya Mungu, misa ikiisha, wanaume watatu wa Bweremana walikuwa wanaketi nyuma ya depo ya Papa Constantin kugombania motokari ambazo barabara yetu haijaziona kwa miaka hamsini. Tena si motokari za kubeba mihogo, hapana. Motokari za Italia, za zamani, za mbio, viti viwili tu, kimo chake hakimpiti mbuzi. Kasiksi, pombe ya ndizi, iko mezani, chakula kinapoa nyumbani, na wazee wazima wanatoleana macho kwa sababu ya pistoni! Ungewasikia ungedhani kila mmoja ana yake inaoshwa ziwani.

Bienvenu, fundi wa kuunganisha vyuma, ndiye aliyekuwa mdogo wao, na alikuwa wa Ferrari. Yote aliyojua aliyatoa kwenye telefone. Papa Constantin, mchuuzi kutoka Butembo, mwenye kamio mbili za kubebea mizigo na mashini ya kusaga mihogo, alikuwa wa Lancia, kwa sababu ujanani mnunuzi mmoja wa kahawa alimpandisha kwenye Lancia yake siku ya ndoa mpaka mlangoni mwa kanisa, na tangu siku hiyo alimheshimu mtu yeyote aliyetengeneza chuma kule Italia. Na Papa Evode, mkulima wa kilimani, alikuwa wa Alfa Romeo.

"Ferrari iko na pistoni kumi na mbili," Bienvenu alikuwa anaanza. "Kumi na mbili, papa! Ninyi muko na ngapi?"

"Pistoni nyingi ni kama watoto wengi," Constantin alikuwa anajibu. "Utazilisha na nini? Lancia iko na sita, na kona inaikata kama kisu kwenye siagi. Ile njo akili, ndiyo akili yenyewe."

Evode alikuwa anangoja wamalize, kisha anaweka kikombe chini. "Alfa inaimba," anasema. "Miye niliisikia na masikio yangu, nikiwa mutoto, ikipanda kutoka ziwani. Ninyi munahesabu pistoni. Miye nilisikia."

Hapo ubishi ulikuwa unakwisha, maana nani angemjibu? Yeye peke yake kati yao alikuwa na motokari yenyewe. Ndiyo, alikuwa nayo, iko kilimani mpaka leo, nyekundu, ndani ya zizi la ndama.

Ilikuwa ya Mzungu mmoja aliyeitwa Renzo, aliyekuwa anatengeneza fomaji, ile jibini ya maziwa ya ng'ombe, juu ya kilima. Mashamba ya wageni yalipochukuliwa na serikali, Renzo aliondoka na sanduku moja, akamwachia motokari mchungaji wake Hakorimana, baba yake Evode. "Unichungie, nitarudi," alimwambia. Sasa, neno hilo usimwambie mtu wa ng'ombe kwa mchezo! Kwetu ukikabidhiwa ng'ombe wa mwenzako huuzi, huchinji, na akirudi lazima amkute na mkia wake na pembe zake. Hakorimana aliipandisha motokari juu ya magogo, akaipaka siagi iliyochacha ili kutu isiishike, akafunga mlango. Renzo hakurudi. Mzee alipokuwa anakufa alimshika Evode mkono akamwambia, "Haiko yetu ile." Basi Evode naye akawa anapaka siagi, mwaka baada ya mwaka, na ufunguo hakuna aliyeuzungusha.

Na ile sauti aliyojivunia? Mungu wangu. Evode hakuisikia hata siku moja. Utotoni alikuwa anatumwa na ndama malisho ya mbali, na kila aliporudi alikuta vumbi tu barabarani na watoto wenzake wakiigiza kwa midomo, vruuu, vruuu, mate yakiwaruka. Alfa yake aliijulia kwenye midomo ya watoto. Emérita, mke wake, alijua. Constantin alishuku tu, ndiyo sababu kila mara alikuwa anafumba jicho moja na kusema, "Basi tuigizie kidogo, Papa Evode." Evode alikuwa anavuta koti lake na kujibu kwamba mtu mwenye wajukuu haigizi motokari kwa mdomo.

Halafu masikio yakaanza kumtoroka. Walianza ndege wa asubuhi, ikafuata kengele ya shule, ikafuata sauti ya Emérita mwenyewe. Daktari kule Goma alimweleza bila kumzungusha kwamba sauti nyembamba zinatangulia kwenda, nzito zinafuata, na hakuna dawa. Evode alilia njiani wakirudi, mbele ya abiria wote, hakujali.

"Nitazibwa masikio sijaisikia," alimwambia mke wake.

"Basi si uiwashe!" Emérita alimpigia kelele sikioni. "Ukichunga ng'ombe ya muntu, maziwa si unakunywa?"

"Motokari haina maziwa."

"Iko nayo. Ile sauti njo maziwa yake."

Alikataa. Baba alisema haiko yetu, imekwisha. Tena akamwapisha asimwambie mtu habari za masikio, hasa wale wawili wa depo, maana mtetezi wa sauti aliye kiziwi si atachekwa mpaka Minova? Emérita aliapa. Alivyoapa upesi, ungejua hatashika kiapo.

Sasa ujue jambo moja juu ya mtu anayepoteza masikio: dunia yote inaanza kumsengenya. Anaona midomo inacheza, akifika inanyamaza. Wakicheka anafikiri ni yeye. Evode, aliyekuwa mtu wa kucheka, akageuka mtu wa kuchungulia. Alimwona Emérita sokoni akisema na Constantin karibu karibu, na alipowafikia Constantin akaanza kusifu bei ya maharagwe. Tangu lini mchuuzi akasifu bei ya kununulia? Alimwona Bienvenu akificha telefone kwenye mfuko. Siku nyingine Constantin akamuuliza, kwa uso wa mtu asiye na habari, "Ile Alfa yako ni ya mwaka gani kabisa? Na namba ya moteri munaisomaga wapi?" Evode alimjibu kwamba namba ya moteri si jina la mtoto, haiulizwi ovyo.

Usimcheke sana. Kwetu watu wengi wamelala na ng'ombe wakaamka na kamba.

Kisha akaingia zizini kupaka siagi, akasikia harufu. Pua zake zilikuwa bado nzima, na harufu ile haikuwa ya ndama. Ilikuwa esansi, petroli ya motokari. Esansi mbichi! Na magogo yalikuwa yamesogezwa kidogo.

Alichukua majivu jikoni, akayamwaga nyuma ya mlango, membamba membamba, kama bibi yake alivyokuwa anamtega mwizi wa maziwa. Asubuhi alikuta nyayo. Kiatu kikubwa cha kazi, kile cha Bienvenu chenye kisigino kilichoungua. Kiatu cha ngozi, kipana, cha mtu mnene anayeegemea mguu wa kulia, na mtu mnene wa Bweremana anayeegemea mguu wa kulia ni Constantin. Na kando yake, kambambili. Kambambili ya mke wake, iliyokatika kamba na kushonwa na waya.

Evode alikaa chini pale pale kwenye majivu. Kwanza aliwaza kwamba wameipatia mnunuzi. Halafu akawaza kwamba Constantin ni mjane, na akashikwa na wivu. "Kikulacho ki nguoni mwako," alijiambia, akainuka, akafungua kapo ya Alfa, kifuniko cha moteri. Siku moja Bienvenu mwenyewe aliwafundisha pale depo namna tajiri wa Ferrari anavyomshinda mwizi: anachomoa kidole cha delko, kipande kidogo kinachogawa moto wa moteri, anatembea nacho. Bila hicho, hata usukume motokari mpaka Sake, haiwaki. Evode alikichomoa. Akakitia kwenye mfuko wa koti, akafunga kifungo juu yake.

Siku ile ile ilikuwa ya Mungu, na misa ilipoisha alishuka depo bila salamu. Bienvenu hakuwepo, na hilo nalo lilimthibitishia wizi. Constantin alikuwa amevaa shati jipya na uso wake uling'aa, akasogeza kiti, akasema maneno ambayo Evode hakuyashika.

"Unanongona nini?" Evode alifoka. "Sema kwa nguvu, bantu basikie! Umepata bei gani?"

"Bei ya nini, kaka?"

"Ya motokari ya baba! Nimeona viatu vyako. Nimeona vya mke wangu. Ninyi bantu ba Butembo, mungeweza hata mama yenu kumuwekea bei!"

Hata yule aliyekuwa anapima mihogo aliacha. Constantin alibaki ameshika mgongo wa kile kiti. Miaka yote wamekula pamoja, alikuwa amemsimamia mtoto wa pili wa Evode ubatizo, na neno lile la Butembo hakuwa amelisikia kinywani mwake hata siku ya ulevi. Alisema kitu, kifupi, sauti ya chini sana, na Evode hakukisikia. Kisha akaingia ndani ya depo, akajifungia.

Evode alipanda kilima akiwa na hasira ya mshindi, lakini alipofika juu hakukumbuka tena alikuwa ameshinda nini.

Akakuta mlango wa zizi uko wazi. Alfa ilikuwa nje kwenye majani, kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa mtoto, imeshuka kwenye magogo, matairi mapya, siagi imefutwa, nyekundu mpaka inaumiza macho. Bienvenu alikuwa ameinama chini ya kapo, mafuta mpaka kwenye viwiko. Emérita alikuwa amevaa kitenge chake cha Noeli. Alitazama nyuma ya mume wake.

"Papa Constantin iko wapi?"

"Mwizi nimemwacha kwake."

"Mwizi nani?" Emérita alimfuata, akaweka mdomo sikioni mwake, na kila neno lilimwingia. "Juu ya masikio yako, Evode! Nilimwambia, ndiyo, nilivunja kiapo, na nitavunja tena. Yule muntu alisimama sokoni akalia. Aliagiza piyesi za moteri mpaka Kampala, matairi, batri, kwa jasho yake, na hakutaka ujue kabla ya leo. Alisema, 'Wacha mwenzangu aisikie kabla hajazibwa, hata kama nitashindwa ubishi siku zote za maisha yangu.' Leo njo angekuleta hapa kwa mukono. Umemwambia nini?"

Aibu ilimpanda Evode mpaka masikioni, hayo hayo masikio.

"Haiwaki," Bienvenu alisema, akinyoosha mgongo. Alikuwa karibu kulia. "Papa, nimefanya yote. Jana usiku nilipima kila kitu. Sijui imekosa nini. Kazi ya bure."

Yeye na Emérita waliinama juu ya moteri. Evode alibaki amesimama na koti lake, na mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mfuko. Kile kinachokula kilikuwa nguoni kweli, nguoni mwake mwenyewe. Alifungua kifungo, akakitoa kile kidole cha delko, akakinyoosha mbele ya Bienvenu bila kumtazama usoni.

Bienvenu alikiangalia, akamwangalia yeye, akakirudisha mahali pake, akapanda kitini, akazungusha ufunguo. Ni kijana mwenye adabu.

Alfa ilikohoa. Ikakohoa tena, ikatoa moshi mweusi uliowatimua kuku, ikazima. Mara ya tatu ikashika. Na Evode akasikia.

Akasikia, ninakuambia! Haikuwa vruuu ya watoto hata kidogo. Ilianza chini, nzito, kifuani, ndizo sauti zilizokuwa zimebaki kwake, kisha Bienvenu alipokanyaga esansi ikapanda ikakaza ikakwaruza, na Evode aliweka mikono yote miwili juu ya kapo ili isimpite hata kidogo. Alilia waziwazi mdomo wazi. Miaka yote ile aliisifu kwa uongo, na sasa uongo wake ulikuwa mdogo kuliko kweli. Aligeuka kumwambia Constantin. Kando yake palikuwa hapana mtu.

"Telefone," alimwambia Emérita. "Mupigie."

"Hutasikia akijibu."

"Mupigie tu!"

Emérita alipiga. Evode aliichukua telefone kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na moteri, akaishika pale mpaka mkono ukauma. Bienvenu alikanyaga, akaachia, akakanyaga. Hatimaye Emérita akaichukua, akaziba sikio lake la pili kwa kidole, akasikiliza. Evode aliutazama uso wake kama anavyotazama mbingu mkulima aliyekwisha kupanda.

Emérita aliinama sikioni mwake. "Anasema mashini yake ya mihogo inalia vizuri kupita ile."

Evode alicheka na machozi yake. "Na nini tena?"

"Anauliza kama njo sauti ile ile ulisikia utotoni."

Moteri iliendelea kunguruma. Evode alifuta pua kwa mkono wa koti. "Umwambie hapana," alisema. "Umwambie sikuisikia hata siku moja. Leo njo ya kwanza. Na umwambie neno lile la Butembo linirudie mwenyewe, na mama yake anisamehe fasi alipo."

Emérita alisema yote. Kisha akasikiliza, na Evode akaogopa.

"Anasema ya utotoni alijua tangu zamani," Emérita alimwambia. "Ya mama yake, atakujibu uso kwa uso."

Bienvenu aliita kutoka kwenye kiti. "Mama, esansi iko kidogo sana! Nizime?"

Emérita alirudisha telefone sikioni, kisha akapunga mkono kwa nguvu. "Anasema musizime. Anapanda."