Alama ya Wiki Moja

Pale hospitali walimwita Bawabu, ingawa hakuwahi kusimama mlangoni hata siku moja. Alikaa ghorofa ya pili, kati ya kabati la seva lililovuma kutwa nzima na dirisha lisilofunguka. Kazi yake ilikuwa kulinda programu za hospitali: ya maabara, ya duka la dawa, ya mafaili ya wagonjwa. Kila programu ilifungwa ndani ya kontena lake, na makontena yote yaligawana kompyuta kumi na moja zilizounganishwa zikafanya kazi kama moja. Wenyewe waliziita klasta.

Alipoajiriwa alikuta mtu yeyote wa ofisi ile anaweza kuingiza humo chochote anachotaka. Roho ikamruka. Akakaa miezi miwili akitengeneza kile ambacho watu wa kazi yake hukiita webhuku ya ukaguzi. Tangu siku hiyo, programu ikiomba kuingia, klasta ilisita kwanza, ikampelekea mkaguzi, programu ndogo aliyoiandika yeye, ombi lile, ikasubiri jibu. Kontena linataka mamlaka ya mkuu wa mashine? Hapana. Limetoka ghala lisilojulikana? Hapana. Linataka kuchungulia mafaili ya kompyuta linamokaa? Hapana, na sababu iliandikwa kwa maneno mepesi, mtu asije akasema hakuelewa. Na mkaguzi mwenyewe akizimika, hakiingii kitu mpaka azinduke.

Wenzake walinuna, wakazoea, kisha wakaanza utani.

“Bawabu, leo umeamkia upande gani? Nitapita?”

“Vua hayo mamlaka yako, utapita.”

Mama yake alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiwafundisha watoto kushika penseli, hata baadhi ya wazazi waliomletea watoto aliwahi kuwafundisha wenyewe. Wasichokijua wazazi hao, wala kaka zake Bawabu, ni kwamba Mwalimu alikuwa na maradhi ya akili. Ujanani aliwahi kulazwa miezi mitatu, akisikia sauti za watu wasiokuwepo. Dawa zikamtuliza, akarudi kazini, hakuanguka tena. Vidonge viwili kila jioni, kliniki kila mwezi. Kwa kuwa kliniki ya akili ilikuwa nyuma ya jengo la macho, aliwaambia watu anatibiwa macho, akanunua na miwani isiyokuza kitu chochote ili uongo ukae sawa. Ni Bawabu peke yake aliyejua, maana ndiye aliyemsindikiza.

Hospitali ilipohamishia mafaili ya kliniki hiyo kwenye kompyuta, Mwalimu hakupata usingizi siku mbili.

“Mwanangu, zamani faili langu lilikaa kabatini kwa sista, na ufunguo mfukoni mwake. Sasa linakaa wapi?”

“Kwangu, mama.”

“Basi,” akasema Mwalimu, akarudi kusahihisha madaftari.

Ofisini kulikuwa na mwandishi wa programu waliyemwita Mrefu, kwa kuwa alikuwa mfupi. Huyo na Bawabu walikuwa chanda na pete. Jumatatu moja alikuja mezani kwake, shati limemkunjika, macho mekundu. Mkewe alikuwa wadi ya wazazi, amejifungua pacha kabla ya siku zao. Mkaguzi naye amemkatalia programu yake ya ripoti mara sita, kwa sababu kipande kimoja alichokiokota mtandaoni kilitaka mamlaka ya juu.

“Dada, nifungulie wiki moja tu. Nimalize hii ripoti nikakae na wanangu. Nikirudi nitaiandika upya, hata kwa magoti.”

“Unajua sifungui.”

“Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikukuandikia.”

Bawabu akalitazama lile shati lililokunjika. Akageukia kioo cha kompyuta, akaipa sehemu ya Mrefu ndani ya klasta alama ndogo, neno moja tu, la kumwambia mkaguzi: huku usiangalie. Akaandika kwenye karatasi ya njano, “Ijumaa, ondoa alama,” akaibandika chini ya kioo.

Ijumaa hiyo Mwalimu alipiga simu saa nne asubuhi. Tangu jana alikuwa anasikia kama mtu anamwita jina nyuma ya ukuta. Bawabu alitoka mbio, akamkuta amekaa kitandani ameshavaa, mkoba mapajani. Wakaenda kliniki, daktari akaongeza dozi, na Jumatatu Mwalimu alikuwa darasani kama kawaida. Lakini karatasi ya njano ilikuwa imedondoka, mfagiaji akaifagia pamoja na takataka nyingine. Mrefu akarudi kazini, akaona programu inakwenda vizuri, akanyamaza. Ikapita miezi minne.

Jumanne moja asubuhi ofisi nzima ilisimama kwa pamoja. Majina ya wagonjwa wa kliniki ya akili yalikuwa yamemwagwa mtandaoni: majina kamili, miaka, dawa, maelezo ya daktari. Mkurugenzi aliteremka mwenyewe. “Vipi imewezekana? Si tuna lango?”

Bawabu alifungua kumbukumbu za mfumo, akazifuata nyuma mstari kwa mstari. Saa tano akakifikia chanzo. Kipande kile cha mtandaoni kilikuwa na kirusi ndani yake. Kwa mamlaka kiliyopewa, kilitoka kwenye kontena kikaingia kwenye kompyuta yenyewe, kikasoma nywila za ghala la mafaili, kikawatumia wezi waliokitega. Mkaguzi hakuwa amekosea hata mara moja. Aliambiwa asiangalie, hakuangalia.

Hakulia hapo. Alifuta alama, akayazima makontena, akabadilisha nywila zote, akaandika taarifa na kutia jina lake. Mrefu alimfuata ngazini.

“Dada, sema ni mimi. Mimi ndiye niliyenyamaza.”

“Wewe uliomba. Aliyefungua ni mimi.”

Ndipo akakumbuka kuitazama orodha yenyewe. Alimkuta mama yake ukurasa wa tatu. Maelezo ya ile Ijumaa yalikuwepo yote, mpaka na sauti ya nyuma ya ukuta.

Orodha ilifika kwenye kundi la simu la wazazi wa darasa la kwanza siku ya Alhamisi. Jumatatu iliyofuata, kati ya watoto thelathini na wanne walikuja tisa. Mwalimu aliwafundisha wale tisa kutoka kengele ya kwanza hadi ya mwisho, akawasahihishia, akawafunga kamba za viatu. Getini, mama mmoja akampokonya mtoto mkononi bila salamu. Mwalimu mkuu, rafiki yake wa siku nyingi, akamwita pembeni. “Pumzika kidogo, mwenzangu, mpaka upepo upite.”

Bawabu alifika nyumbani jioni ile akamkuta ameketi jikoni, taa hajawasha.

“Yule mama,” Mwalimu akasema, “nimemfundisha kusoma mimi. Herufi ‘r’ ilimsumbua mwaka mzima.”

“Mama, kuna jambo nataka kukwambia.” Akamweleza yote bila kujitetea: Mrefu, pacha, alama, ile Ijumaa.

Mwalimu alikunja na kukunjua kitambaa cha meza.

“Hao pacha walipona?”

“Walipona.”

“Alhamdulillahi.” Akasimama, akawasha taa. “Ningekuwa mimi ningemfungulia pia.” Bawabu alitaka kumshika mkono. Mwalimu akaurudisha mkono wake taratibu, bila hasira. “Ila kwa sasa nenda kwako, mwanangu. Nikikuona nazikumbuka zile kurasa.”

Hospitali haikumfukuza Bawabu. Walisema amekuwa mkweli, wakampa kazi ya kuimarisha ukaguzi. Akaupanga upya kiasi kwamba ruhusa yoyote ya pekee ilihitaji watu wawili kukubali, na ilijifuta yenyewe siku yake ikifika. Wageni kutoka hospitali nyingine walikuja kujifunza. Aliwaeleza vizuri, akajibu maswali yao yote, kisha akaenda chooni akafungulia bomba ili wasimsikie.

Utani wa jina ulikoma. Siku hizi wanamwita “dada” tu, kwa heshima inayomchoma.

Mwalimu hakurudi darasani. Mwisho wa muhula alihamia kwa mdogo wake, mji mwingine, mwendo wa saa tano, akiwa na sanduku moja na blanketi. Kaka zake Bawabu walimsindikiza. Yeye alisimama ng’ambo ya barabara, kwa kuwa hakuwa ameitwa.

Sasa humpigia kila Jumapili mchana. Mwalimu hupokea. Huulizana hali, jua, mvua, mama mdogo anaendeleaje na mguu. Jumapili iliyopita Bawabu alishindwa kujizuia.

“Mama, dawa unakunywa?”

Alimsikia Mwalimu akifunga mlango kwanza.

“Mambo hayo usiniulize kwenye simu,” Mwalimu akasema kwa upole, kama anayemrekebisha mtoto wa darasa la kwanza. “Huwezi kujua nani anasikiliza.”