Makofi ya mama yangu yalihesabiwa kuwa maoni

Wakuu, heshima kwenu.

Haya yamenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi. Mnivumilie kidogo.

Kwetu ni kijiji kimoja jirani na Dutwa, Bariadi. Kazi niko Dar. Mzee alishatangulia, mama yuko nyumbani na ng'ombe wake wachache na ngitili aliyoachiwa.

Kwa wasiojua, ngitili ni eneo la malisho ambalo familia inalifunga masika, majani yakue. Kiangazi, nje pakibaki vumbi tupu, ndiyo mnafungua ng'ombe waingie.

Jamani, nina hamu na mama yangu. Kila nikimwomba aje tuishi wote, jibu ni moja: ng'ombe nitamwachia nani?

Sasa siku moja binamu yangu akatupia kwenye group la ukoo picha ya tangazo. Draft ya sheria ndogo: ngitili zote zifungwe mwaka mzima, mifugo marufuku. Chini imeandikwa wananchi walishirikishwa na hawakuwa na pingamizi. Mwenye maoni zaidi afike kikao cha mwisho, ofisi ya kata.

Nikampigia mama. "Mayu, mlikubali ngitili zifungwe?"

"Nani kakubali? Walikuja wageni, wakasema, tukapiga makofi, wakaondoka."

"Sasa makofi ya nini, mama?"

"Mtu katoka mbali kote huko, kasema mpaka jasho linamtoka, umnyime makofi? Dar imekuharibu wewe."

Hapo ndo nikaelewa. Kwetu mgeni hapingwi mbele za watu. Unamshukuru, akishaondoka ndiyo mnaanza kumjadili. Yule ofisa aliyekuja na hao wageni ni mtu wa mkoa mwingine, kaandika alichokiona.

Na niseme ukweli, moyo uliniambia acha ipite. Bila ngitili hakuna ng'ombe, bila ng'ombe mama anakuja. Nilikaa na hilo wazo jioni nzima. Kesho yake nikakata tiketi ya basi.

Kikaoni ofisa alieleza vizuri tu. Watu wanakata miti ya ngitili wanachoma mkaa, na ni kweli, hata kwetu wapo. Alipomaliza, mikono ikaanza kuinuka kwa ajili ya makofi. Mama akasimama.

Kiswahili anakisikia, ila akiwa na uchungu anaongea Kisukuma. Mwenyekiti akaniomba nitafsiri.

"Baba, siku ile nilikushukuru kwa kufika. Leo makofi utayapata nikimaliza."

Watu wakacheka, ofisa naye akacheka.

"Mkaa kataza kabisa, niko na wewe. Lakini kiangazi ng'ombe wangu wale wapi?"

Nikatafsiri. Mama akanitazama mimi kwanza, halafu akarudi kwa ofisa.

"Ng'ombe wakiisha, huyu binti yangu atanichukua. Ananipenda, najua. Lakini kule nitashinda ndani kama mgonjwa. Baba, usimsaidie kunichukua."

Wakuu, karibu kila mtu pale alielewa, isipokuwa ofisa. Na yeye ndiye aliyekuwa na kalamu. Ningeweza kuruka maneno yale na asingejua.

Niliyatafsiri yote. Akasubiri nimalize, akaandika.

Baada ya mama, wengine nao wakafunguka, wakasema mpaka mwenyekiti akaomba wafupishe. Sheria ilipotoka kipengele kilikuwa kimebadilika: mkaa marufuku, ngitili za kaya kufunguliwa kiangazi.

Juzi mama kanipigia akiwa kule kule ngitilini. Akaisogeza simu kwa ng'ombe nisikie wanavyokata majani. Nilikuwa ofisini. Nilisikiliza mpaka salio lake likaisha, nikaenda chooni kulia.

Nilichojifunza: wakiwaletea draft kijijini, mshukuruni mgeni kwa adabu zote, lakini semeni kabla hajapanda gari. Kimya chenu ataondoka nacho kama ndiyo. Na ukisema, sema na lile linalokuuma, maana mama yangu angeishia kwenye majani tu sidhani kama yule ofisa angeinua kichwa.

Wa Maswa, Busega na kwingineko, kwenu vikao vya maoni vinaendaje? Na wenye wazazi waliogoma kuja mjini, mnaishije na hamu hii? Maana mimi, kugoma kwa wa kwangu nimekutafsiri kwa mdomo wangu mwenyewe.