Biri za Jumamosi

Nakumbuka alasiri moja ya Jumamosi, mwanangu, mjini Kampala, nilipomwashia biri mtu mwenye bastola kiunoni na moyo wangu ukafurahi kwamba amekuja. Usinishangae bado. Kaa, babu yako nikueleze, maana nimesikia kwa mama yako kwamba huko mjini unakoishi huna mtu wa kukutembelea, na kwamba umeanza kukaa na watu ambao wewe mwenyewe husemi majina yao.

Nilikuwa kijana. Nilitoka kwetu Bungoma nikavuka mpaka kutafuta kazi, kama Wakenya wengi walivyofanya siku hizo, nikaipata katika duka la tumbaku la Mhindi mmoja aliyeitwa Bwana Hirji, si mbali na stesheni ya reli. Mbele tuliuza sigara za kawaida. Nyuma, ndani ya kabati la mbao za mwerezi, alikuwa ameweka biri. Labda wewe hujawahi kuiona. Ni sigara nene ya majani matupu yaliyosokotwa kwa mkono, haina karatasi wala kichungi, na zile zake zilitoka Kuba na visiwa vya upande ule. Waliozinunua walikuwa mawakili, madaktari na Wazungu wa benki. Mimi nilizifuta vumbi tu.

Bwana Hirji alikuwa mjane, na watoto wake walikuwa ng'ambo. Jumamosi moja baada ya kufunga duka alivuta viti viwili pale nyuma, akafungua kabati, akaniambia, "Keti, Wanjala. Duka limefungwa, sasa wewe si mfanyakazi."

Alinifundisha polepole. Kwanza unaibonyeza kidogo karibu na sikio, ikilia kama jani kavu imeharibika. Unakata ncha, kipande chembamba tu. Unaiwasha bila moto kuigusa, unaizungusha juu ya mwali kama mtu anayechoma hindi bila haraka. Halafu likaja somo lililonishinda kwa wiki kadhaa: usimeze moshi. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, naye akacheka mpaka akavua miwani.

"Huu si moshi wa kifua," alisema. "Ni wa ulimi. Uache ukae mdomoni, halafu uniambie umekuta nini humo ndani."

Mimi nilikuta harufu ya udongo mvua inapoanza kunyesha. Yeye alisema amekuta iliki. Nikamwambia anakuta iliki kwa sababu chai yake imejaa iliki tangu asubuhi. Tulibishana hivyo kila Jumamosi. Biri nzuri haivutwi kwa haraka, mwanangu. Ukiikimbiza inapata moto na kuwa chungu. Inakutaka ukae, na ukikaa na mtu muda huo wote lazima mzungumze. Ndivyo nilivyojua jinsi mke wake alivyougua, na ndivyo yeye alivyojua kwamba nilikuwa naogopa kurudi nyumbani mikono mitupu.

Kisha ikaja ile amri ya serikali ya wanajeshi kwamba Wahindi waondoke. Sitaieleza sana, umeisoma shuleni. Nitakueleza tu Jumamosi yetu ya mwisho. Viti vilikuwa pale pale. Bwana Hirji aliwasha biri yake, akavuta mara moja, akaanza kuniuliza kama nitapata kazi nyingine, kama nina blanketi nzito, maswali ya baba. Biri ikazimika mkononi mwake. Nilitoa kiberiti, akatikisa kichwa. Akaiweka ukingoni mwa meza na kusema, "Basi." Alienda Entebbe kupanda ndege na sanduku moja, na tangu hapo sijapata habari zake. Hata leo sijui kama alifika kwa watoto wake, wala kama amezikwa katika nchi ya baridi.

Baada ya hapo Kampala ilikuwa pana kwangu. Nilipanga chumba Nsambya, jirani na kota za polisi. Jioni milango ilifungwa mapema. Watu walisalimiana na kupitana, kwa sababu hakuna aliyejua neno lake litafika wapi. Wenzangu wa kutoka Kenya wengi walirudi kwao. Bwana Hirji alikuwa amenipa biri chache, na Jumamosi ya kwanza niliwasha moja chumbani, peke yangu, nimekaa kitandani. Ilikuwa nzuri mno. Katikati yake nilikuta ladha kama ya karanga zilizokaangwa, nikageuka kuisema, na kando yangu palikuwa na ukuta.

Duka lilipewa meja mmoja wa jeshi. Waliopewa maduka namna ile watu waliwaita mafuta mingi, yaani matajiri wa ghafla, lakini kwa sauti ya chini. Meja alinibakiza kazini kwa sababu nilijua bidhaa. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwenye sauti ndogo na bastola kiunoni. Jumamosi moja nilipokuwa nafunga aliingia mpaka nyuma, akafungua lile kabati.

"Hii kitu gani?"

"Biri, afande."

"Wewe najua namna ya vuta?"

"Najua, afande."

Akaketi kwenye kiti cha Bwana Hirji. "Fundisha mimi."

Nikamfundisha. Sikuwa na la kufanya, utasema, na ni kweli. Lakini sikuogopa kwa muda mrefu. Yule mtu alikuwa na ulimi mwema. Hakukohoa hata mara moja. Aliacha moshi ukae, akafumba macho, akasema, "Iko kama mvua napiga vumbi." Mwanangu, nywele zilinisimama. Ni ile ladha yangu mwenyewe, ambayo Bwana Hirji hakuikuta hata siku moja.

Basi akawa anakuja kila Jumamosi. Tukavuta biri baada ya biri, tukazilinganisha, ipi nyepesi, ipi nzito, ipi inabadilika ikifika nusu. Alinisikiliza. Alicheka vizuri. Kuanzia Alhamisi nilianza kuhesabu siku, na nikisikia gari lake linasimama nje, nilivuta viti kabla hajaingia. Ndiyo furaha niliyokuambia pale mwanzo.

Jirani yangu pale Nsambya alikuwa Mama Acen, Mwacholi, kabila ambalo wanajeshi wale waliliwinda, mke wa sajini wa polisi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye watoto wanne, na ndiye peke yake aliyekuwa bado akinigongea kuniuliza kama nimekula. Wiki moja mume wake alikwenda kazini asirudi. Wenzake walisema alichukuliwa getini na watu waliovaa kiraia. Mama Acen alizunguka vituo vyote. Alikwenda mpaka gereza la Luzira na chakula kwenye bakuli, akafukuzwa mlangoni, akarudi na kile chakula. Alasiri hiyo nilitoka dukani nikamkuta ameketi kwenye ngazi yangu, bakuli mapajani.

"Wanjala," alisema, "leo Jumamosi. Wewe nanukia ile tumbaku."

"Ndiyo, mama."

"Wanasema unakaa na huyo mkubwa. Mnaongea nini?"

Nilitafuta neno moja ambalo Meja amewahi kuniambia juu ya mama yake, au kwao, au lolote linalomuuma. Sikupata. Na yeye hakuwahi kuniuliza hata jina la kijiji changu.

"Tumbaku," nikajibu.

Akatazama bakuli. "Muulize juu ya baba wa watoto. Kama unaogopa, acha. Mimi sitakasirika."

Niliogopa, sitakudanganya. Kuuliza mtu aliko siku hizo ilikuwa njia fupi ya kwenda kumfuata. Jumamosi ilipofika Meja alikuja na uso wa furaha, akachagua mwenyewe biri nene iliyokuwa chini kabisa ya kabati. Nilikata, nikawasha, nikampa. Nilingoja avute mara chache. Kisha nikasema, "Afande, nina jirani Nsambya. Mume wake ni sajini wa polisi, amepotea. Mke anaomba kujua tu yuko wapi." Nikataja jina.

Hakubadilika uso, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Aliacha moshi ukae mdomoni kama nilivyomfundisha, akautoa kidogo kidogo akiutazama. Nikasikia viatu vya watu wakipita nje, na filimbi ya treni.

"Ambia huyo mama," akasema kwa ile sauti yake ndogo, "hapana ngoja. Arudi kwao na watoto. Upesi."

"Afande, yeye yu—"

"Nimesema hapana ngoja." Akanyoosha biri mbele yangu. Ilikuwa imezimika. "Washa."

Niliwasha. Kiberiti cha kwanza kilivunjika, cha pili kikashika. Akavuta, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema leo amekuta kahawa ndani yake. Akaniuliza mimi nimekuta nini. Nilikuwa na biri yangu mdomoni na sikukuta kitu chochote, mwanangu. Ilikuwa kama kunyonya kamba.

Nilipanda Nsambya nikijaribu kupanga maneno, lakini Mama Acen alinisoma kabla sijafika kwenye ngazi. Nilimpa yale maneno kama yalivyotoka, hata ile kahawa. Hakulia mbele yangu. Aliniuliza jambo moja tu: "Alisema kwa hasira?"

"Hapana, mama. Alisema polepole."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayehesabu. Akaingia ndani, akaanza kukunja nguo za watoto. Nilisimama mlangoni nisijue la kufanya na mikono yangu, na bila kugeuka akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka uzee huu.

"Na wewe usikae hapo tena. Sisemi kwa ajili ya mume wangu, yeye ameisha. Nasema kwa ajili yako. Ukikaa, utazoea. Jumamosi nyingine utasikia ile kahawa anasikia yeye."

Asubuhi niliwabebea mizigo mpaka kituo cha basi la Gulu, kwao. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, kama mtoto wake, akapanda. Mtoto wake wa mwisho alinipungia mkono dirishani. Jumatatu sikwenda dukani. Nilipanda treni ya kurudi Kenya na shati nililovaa na blanketi.

Hivyo ndivyo ilivyoisha. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, nikacheka kwamba ndilo jambo nililokuwa nikiliogopa. Miaka mingi baadaye nilipata fedha kidogo, nikanunua biri tena, na ladha ilikuwa imenirudia. Sasa daktari amenikataza, na ana haki. Lakini hata nilipokuwa navuta, mara nyingi nilikuwa peke yangu pale uani, nikikuta udongo, nikikuta karanga, nisimwambie mtu. Marehemu nyanya yako hakuipenda harufu yake. Upweke ule sikuuponya kabisa. Nimejifunza tu kukaa nao.

Sasa nisikilize, mwanangu. Sikukatazi kupenda kitu kizuri. Ujue chai yako, ujue muziki wako, ujue hata huo mvinyo mnaounusa siku hizi kabla ya kunywa. Lakini starehe ya polepole inakukalisha chini muda mrefu, na huo muda ni maisha yako. Angalia unautumia na nani. Mtu anaweza kuwa na ulimi kama wako, akacheka unapocheka, na usijue mikono yake ilifanya nini tangu asubuhi. Mwulize. Mwulize juu ya jirani yako anayelia, usikie atajibu nini. Kama kuna swali ambalo huthubutu kumwuliza, huyo si mwenzako, hata akija kila Jumamosi. Na ukiona upweke unakusukuma kwa mtu wa namna hiyo, rudi chumbani kwako ukae na ukuta. Ukuta hautakufundisha kuzoea.

Njoo kwangu Krismasi, hata kama huna cha kuleta. Tutakaa uani, utaniambia majina ya hao watu wako, mmoja mmoja. Mungu akupe mlango wa kugonga na mtu wa kuufungua. Akupe mtu wa kukuuliza kama umekula. Na popote utakapoketi kufurahia jambo, akuketishe na mwenye moyo safi, nawe uwe na moyo safi kwake. Amina.