Maharagwe Matatu Mkononi

Siku hiyo darasani tulikuwa watu ishirini na watano. Walikuwepo wasichana ishirini na wawili wa kidato cha nne. Alikuwepo mwalimu wao wa Kiswahili, mama Mwislamu aliyezaliwa na kukulia pale pale mjini Nyeri. Alikuwepo mkuu wa shule, amekaa karibu na mlango, koti mabegani kwa sababu ya baridi ya Julai. Na nilikuwepo mimi, mfanyakazi wa jikoni, nyuma kabisa, bakuli mapajani. Mmoja wa wale ishirini na wawili alikuwa mdogo wangu.

Bakuli lilikuwa la mtihani. Mwalimu alikuwa na njia yake ya kupima wanafunzi. Kila msichana kwa zamu alisimama akahutubia dakika tano, kisha akaongoza majadiliano dakika kumi na tano juu ya swali aliloliokota kutoka kwenye kopo. Kila aliyekuwemo chumbani alipewa maharagwe matatu. Ukisema neno, unatoa moja na kulitia katika kopo la pili linalopitishwa. Yakiisha, unanyamaza, hata kama una maneno ya gunia zima. Mwishoni nilipita na bakuli kukusanya yaliyobaki. Kwa kila mtu aliyebaki na yote matatu, kiongozi alikatwa alama mbili. Mwalimu alisema kuzungumza vizuri ni nusu ya kazi, na nusu nyingine ni kumfungua mdomo aliyenyamaza.

Alinichagua mimi kukusanya kwa sababu wasichana walikuwa wanafichiana maharagwe yaliyobaki.

"Nimekuona ukipakua chakula," aliniambia. "Hata mdogo wako humwongezei."

Yeye na mkuu wa shule peke yao ndio waliojua kwamba sisi ni ndugu. Baba alikufa nikiwa darasa la tano, mama akamfuata mwaka uliofuata, na nikabaki na wadogo watatu katika nyumba ya udongo huko upande wa Endarasha. Nikaacha shule. Sare yangu niliikata, nikaishona upya, ikamtosha huyu aliyenifuata. Alipoingia kidato cha kwanza nilikuwa nimepata kazi jikoni katika shule hiyo hiyo, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia asiseme. Sikutaka aitwe mtoto wa sufuria. Kwa hiyo kwa miaka minne aliniita "mama" kama wenzake, akanyoosha sahani kama wenzake, akaenda kukaa nao. Nilikuwa sijafika miaka ishirini na sita. Jioni nilimsikia akicheka bwenini, ng'ambo ya ua, nami nikaendelea kusugua masufuria.

Wiki hiyo chuo cha ualimu kilikuwa kimeiomba shule ipendekeze msichana mmoja. Barua ilikuwa moja tu, na mwalimu alisema itamwendea atakayepata alama za juu. Kufikia Ijumaa, aliyeongoza alikuwa binti wa mwenye duka huko Kiganjo, na alama kumi na saba kati ya ishirini. Aliyebaki kupimwa alikuwa mdogo wangu.

Siku zote nne zilizotangulia nami nilipewa maharagwe yangu, maana sheria ilikuwa moja kwa wote. Kwa kila msichana nilitafuta neno dogo la kusema, "Nakubaliana na huyu wa dirishani," au "Hata kwetu ni hivyo," nikatoa moja, ili asikatwe alama kwa ajili yangu. Haikunigharimu chochote.

Mdogo wangu alihutubia juu ya kupanda miti kwenye miteremko. Sauti yake haikutetemeka. Kisha akatia mkono koponi, akafungua karatasi, akaisoma kimya kwanza kabla ya kuisoma kwa sauti.

"Nyumbani kukiwa na nafasi ya mtoto mmoja tu kusoma, nani aache shule?"

Wakaanza mara moja.

"Aache yule anayeshika mkia."

"Basi wewe ungekuwa unachuma chai tangu darasa la pili."

Wakacheka. Maharagwe mawili yakaingia kwenye kopo lililokuwa likipitishwa.

"Msichana aache, ataolewa," akasema mmoja, nusu kwa mzaha.

"Ataolewa na nani, na vile unakoroma? Sisi wa bweni lako tuko na ushahidi."

Mdogo wangu aliwaacha wacheke, kisha akawarudisha. Alimwendea msichana mmoja wa Sagana ambaye wiki nzima alikuwa amesema kwa kunong'ona, akamuuliza kwa upole kwao ilikuwaje, na yule akazungumza mpaka maharagwe yake yote yakaisha. Nilimwona mwalimu akiandika haraka.

Ndipo binti wa Kiganjo akasema, "Mkubwa ndiye aache. Yeye ati tayari ameonja shule. Awaachie wengine nao waonje."

Wengi wakaitikia kwa vichwa. Alilisema bila ubaya. Nilitazama mikono yangu.

Zilikuwa zimebaki dakika mbili. Mdogo wangu alihesabu kwa macho waliokwisha kusema, mstari kwa mstari, mpaka akanifikia mimi. Mtu mmoja tu alikuwa bado. Nilidhani ataniita "mama" kama siku zote.

"Tumsikie dada yangu," akasema.

Wasichana wakageuka huku na huku, wakimtafuta huyo dada. Kisha wakaniona.

"Dada, wewe ndiye uliyeacha," akasema mdogo wangu. "Unaonaje?"

Neno dogo lingetosha. "Nakubaliana" lingetosha, na barua ingekuwa yake. Lakini hilo nililisema kwa watoto wa watu wengine. Kwake yeye sikuweza. Kama ningesema niliacha kwa furaha, angejua ni uongo, kwa kuwa tulilala kitanda kimoja na alinisikia nikilia siku nilipompa kalamu zangu. Kama ningesema iliniuma na ingali inauma, angeibeba hiyo barua kama mzigo. Nilifumba mkono. Nilimtazama, naye alinisubiri bila kunihimiza, mpaka mwalimu akagonga meza kwamba muda umekwisha.

Nilipita na bakuli. Wote walikuwa wametoa angalau moja. Nilipofika mbele, mwalimu alikuwa ameinamia karatasi yake na mkuu wa shule anatazama nje. Ningeweza kudondosha yangu moja kwenye kopo na nisionwe na mtu. Nikayaweka mezani yote matatu.

"Ya nani haya?" akauliza mwalimu.

"Yangu."

Aliitazama karatasi yake. "Alikuwa na kumi na nane," akasema taratibu.

"Nimesikia, Mwalimu."

Akaandika kumi na sita. Kisha akayasukuma yale maharagwe kuelekea kwangu. "Haya hayarudi jikoni. Kaa nayo mpaka umjibu."

Barua ilikwenda Kiganjo. Mdogo wangu alikaa nyumbani karibu miaka miwili, akifundisha watoto wadogo kanisani bila kazi rasmi, kabla hajapata chuo kwa mlango mwingine. Hakunilaumu hata mara moja. Jumamosi ile baada ya mtihani alikuja jikoni mchana kweupe, akavaa aproni, akanisaidia kumenya viazi huku wenzake wakipita mlangoni. Aliniita dada kwa sauti. Hakuuliza tena.

Sasa ni mwalimu, tena mwalimu mkuu, na wadogo wengine wawili wana miji yao. Nimerudi kuishi Endarasha peke yangu. Mawingu yakiondoka asubuhi nauona mlima wote kutoka mlangoni, na mara nyingi siku hupita bila mimi kusema na mtu. Maharagwe yale niliyatia katika kopo la chai juu ya rafu. Moja lilitobolewa na wadudu, nikaweka jingine la shamba langu ili yabaki matatu.

Kila Desemba yeye huja. Hukaa siku tatu, tunapalilia, tunapika, tunaongea habari za shule yake. Anasema wanafunzi wake nao anawapima kwa maharagwe. Kila mara najiambia nitaliteremsha lile kopo. Mwaka uliopita niliinuka, nikalishika kabisa, naye akaniuliza, "Unataka chai, dada?" Nikasema ndiyo, nikateka maji.

Mwaka huu pia ameondoka, na yote matatu bado yamo.