Goti la Baba na Mbio za Kwihara

Baba aliposema kwamba ataingia mbio za kwenda kijiji cha Kwihara na kurudi mjini, mama aliacha kupepeta mtama akamtazama goti, hakumtazama uso. Goti hilo la kulia liliangukiwa na taruma, lile pande zito la kulazia reli, pale relini anapofanya kazi, na tangu siku hiyo likikunjwa linalia kama mlango mkavu. Dresa wa hospitali, yule mfunga vidonda, alimwambia ashukuru kwamba anatembea, habari za kukimbia aziache.

"Baba watoto, kwa umri huu?" mama akasema. "Wenzako wanacheza bao."

"Sitaki kushinda. Nataka kwenda na kurudi kwa miguu yangu, bila kubebwa. Nikifika, pale kazini hakuna atakayeniita kiwete tena."

Nilikuwa nyumbani Cheyo kwa likizo ya shule. Mimi si msemaji. Wageni wakija najificha jikoni. Lakini goti lile likawa kazi yangu, maana mama alikataa kulishika. Kila alfajiri nililikanda kwa samli ya moto, kisha nikalifunga kwa kipande cha kanga kama tulivyofundishwa shuleni, kitambaa kikipishana juu na chini. Likiuma sana baba aliniambia tu, kama anavyoniita mimi binti yake, "Taratibu, mama."

Mazoezi yake hayakufanana na ya wavulana wa shule, wanaokimbia mikono mitupu. Yeye alitoka na kifuko cha mchanga begani, kama babu alivyobeba mizigo ya watu mpaka pwani. Alisema mzigo unamzuia asikurupuke. Alikihamisha toka bega hili kwenda lile bila kusimama, na akichoka hakukaa. Aliegemeza kifuko kwenye mti, akasimama wima mpaka pumzi zirudi. Akikaa, alisema, goti litaganda.

Jirani yetu, fundi cherehani Mzaramo, yaani mtani wetu, alimngojea barazani kila asubuhi.

"Punda wa Unyanyembe huyo! Leo umebeba nini, kaburi lako?"

"Nimebeba tumbo lako, Mzaramo. Ndiyo maana nimechelewa."

"Ukifia njiani nitakuzika mimi, na ile suruali yako nzuri naichukua."

"Chukua. Haitapita kwenye hayo makalio."

Walicheka mpaka wakakohoa. Lakini baba alipoingia ndani nilimwona ameshika ukuta, macho kayafumba.

Siku ya mbio watu walijaa mbele ya boma. Wavulana walichomoka kama swala. Baba na wanaume wengine wa makamo, wakulima wa vijijini, wakabaki nyuma kwenye vumbi. Mimi na mama tulisimama kivulini, kila mmoja akiogopa kusema anachowaza. Jua likapanda. Washindi wakarudi, wakapigiwa makofi, wakanywa maji. Watu wakaanza kwenda zao, na askari akaanza kukunja kamba.

"Wamembeba," mama akasema, akakaa chini.

Ndipo tukasikia wimbo kutoka upande wa Kwihara. Ulikuwa wimbo wa wapagazi, mmoja akiita na wengi wakiitikia. Aliyeita alikuwa baba. Alikuja mbele anachechemea, goti limevimba mpaka kitambaa kimekaza, lakini mguu ukikanyaga sawasawa na mpigo wa wimbo. Nyuma yake wale wakulima wamejipanga mstari mmoja, na wengine, ungewaona, walikuwa na nguvu za kwenda tena na kurudi. Hakuna aliyempita. Baba akavuka mwisho wa mbio kwa miguu yake, ndipo nao wakavuka.

Msimamizi, karani kijana kutoka pwani, akafoka. "Haya ni mashindano! Mbona hamkumpita huyu mzee mgonjwa?"

Mkulima mmoja akamshangaa. "Tumpite vipi, bwana? Yeye ndiye aliyeanzisha wimbo njiani, sisi tukaitikia. Basi amekuwa kirangozi wetu. Kirangozi anatangulia mpaka msafara uingie mjini. Baba zetu walikwenda hivyo."

"Nani kawaambia huu ni msafara?"

"Kwani wewe umetuonaje tukija?"

Watu wakaangua kicheko, na waliokuwa wameondoka wakarudi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama alipiga kuliko wote, yeye aliyekataa kulishika goti.

Mimi nikapiga magoti kukifungua kile kitambaa. Baba hakuwa anacheka.

"Niliwaambia wapite, wakakataa," akaninong'oneza. "Na mimi niliimba ili nisilie."

"Lakini umefika, baba."

"Nimefika," akasema, kama mtu anayeonja neno.

Msichana mmoja tunayesoma naye, ambaye sijawahi kumsemesha, akanisogelea. "Huyu kirangozi ni nani kwenu?"

Mikono yangu ilikuwa imejaa vumbi na samli. "Ni baba yangu," nikasema. Kisha nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, ingawa alikuwa ameshasikia.