Shemeji Aliniachia Chuma Kifuani kwa Ajili ya Vidonge vya Mafuta ya Samaki

Jumapili iliyofuata Idi nilipoteza mkono wangu wa kulia. Upo, unaning'inia, lakini haunyanyui hata kikombe cha chai. Aliyeufanya hivi ni kaka wa mke wangu. Naomba ukurasa huu unifichie jina.

Nina miaka 36, naishi Mwankoko, Singida. Nilianza kwa kubeba magunia ya alizeti, nikajenga uwanja wa kunyanyulia vyuma nyuma ya nyumba: ekseli ya lori, makopo yaliyojazwa saruji, kila kopo nimelipima mwenyewe. Vijana wakajaa. Tangu serikali ifungue biashara na vitu vya nje kumwagika madukani, shemeji akawa analeta vidonge vya mafuta ya samaki kutoka Arusha. "Meza viwili ukimaliza chuma," anawaambia wateja wangu, "kesho misuli haiumi, unaongeza kilo kumi."

Mimi naamini mizani. Nikawafuatilia vijana sita, watatu wanameza, watatu hawamezi. Wote waliamka wanachechemea sawasawa. Aliyepanda kutoka kilo sitini hadi sabini hakumeza hata kimoja. Alikuwa akipumzika siku moja katikati na kula maharage ya kutosha. Nikasema mbele ya watu: ya kwingine siyajui, hapa kwangu sijaona faida. Kuleni, pumzikeni.

Shemeji akanizaba kofi hapohapo. Nikamrudishia ngumi, jino likatoka. Watu wakatuamua, tukapeana mikono, nikadhani yameisha.

Uwanjani kwangu anayelala kwenye benchi husimamiwa kichwani na mtu. Akisema "chukua", chuma kinachukuliwa, hata kama mna ugomvi. Na kumkataa msimamizi ni kumwita muuaji mbele za watu. Jumapili ile akaja kusimama yeye, nikajilaza kwenye benchi. Nilikuwa na kilo tisini. Mikono ilipoisha nguvu nikasema, "Chukua, shemeji."

Akakunja mikono yake kifuani. "Si unafundisha watu kupumzika? Haya, pumzika."

Chuma kikashuka. Nilisikia mtulinga, mfupa wa bega la kulia, ukikatika, kisha mbavu; mkono ukafa ganzi. Vijana walipokiondoa, nikakamata kopo la kilo tano kwa mkono wa kushoto, nikampiga nalo gotini mpaka goti likageukia upande.

Juzi baba mkwe alikuja. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimelala. "Marahaba. Damu imemwagika pande mbili, mwanangu. Jumamosi tunachinja mbuzi, mtakula ini sahani moja, ugomvi uishe. Polisi hakuna kwenda." Na sharti juu: shemeji awe mshirika wangu uwanjani, maana kwa goti lile hawezi tena kulima. Mke wangu ameshafunga nguo zake. "Baba Neema, ukimfunga kaka yangu, mimi na watoto tunarudi kwetu Sepuka."

Nikila, nitafanya kazi kila siku na mtu aliyenilemaza. Nisipokula, nabaki peke yangu na mkono mmoja, na huenda tukafungwa wote wawili.

Pole sizihitaji, nimezipata za kutosha. Nishaurini kabla ya Ijumaa jioni, kwa neno moja tu: nile au nisile?